Mtengeneza Viatu na Daftari la Msajili

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo walivyosema wahenga, na methali hii imezoeleka midomoni mwa watu wa pwani hata ni wachache wasitao kuuliza ni daftari lipi linalosemwa. Aghalabu hufahamika kuwa ni lile la mwenye duka, lenye majina ya waliokopa, tarehe na kiasi, likaalo chini ya mizani na kufungwa kabla ya Magharibi. Lakini liko daftari jingine ambalo halikai dukani. Hilo huwekwa na serikali, huandikwa na Msajili, na kila mtu ana haki ya kulifunua na kulisoma. La kwanza hulinda mali isipotee. La pili hufanya jambo la ajabu zaidi: huzaa mtu.

Neno lenyewe, daftari, liliingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu na Kiajemi, na chimbuko lake ni neno la Kiyunani lenye maana ya ngozi iliyotengenezwa, kwani kabla ya karatasi kuenea watu waliandika juu ya ngozi. Imesadifu vyema, basi, kwamba kesi iliyopambanua nguvu za daftari la Msajili kuliko kesi nyingine yoyote ilimhusu mfanyabiashara wa ngozi na viatu. Jina lake ni Aron Salomon, wa mtaa wa Whitechapel, mashariki ya jiji la London. Kila mtu anayesajili kampuni ndogo leo, awe Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, anapita katika mlango ambao mzee huyo aliufungua, naye mwenyewe akaufungua hali mikono yake mitupu.

Ili kulifahamu jambo hili yafaa kuanzia nyumbani. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawakungoja kufundishwa namna ya kushirikiana katika biashara. Sharika na mudharaba zilijulikana katika bandari za Bahari ya Hindi kwa karne nyingi. Katika mudharaba, mmoja hutoa mali na mwingine hutoa kazi yake. Faida hugawanywa kwa mafungu waliyoagana. Na ikitokea hasara pasi na uzembe wala khiyana, mwenye mali hupotelewa na mali aliyoitoa na mwenye kazi hupotelewa na jasho lake. Mwenye mali hafuatwi nyumbani kwake akauziwa kitanda kwa deni ambalo hakulitolea idhini. Kwa hiyo wazo la kuiwekea hasara ya mtu mpaka wake halikuwa geni. Lililokuwa geni ni jingine. Katika mudharaba washirika hubaki kuwa watu wawili, wenye nyuso na majina yao. Hapana wa tatu anayezaliwa baina yao.

Kampuni, kwa upande wake, iliwafikia watu wa pwani ikiwa na bendera na bunduki. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipata hati ya Kaizari mwaka 1885, na Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikapata hati ya Malkia Victoria mwaka 1888. Mwaka huo huo wa 1888 Wajerumani walipojitwalia bandari za mrima, Abushiri bin Salim na wenzake waliinuka kuwapinga, na Abushiri alinyongwa Pangani mwaka uliofuata. Mombasa nako Kampuni ya Kiingereza ilikaa kama serikali mpaka mwaka 1895, ilipoirudisha amana hiyo mikononi mwa serikali ya London. Si ajabu basi kwamba katika masikio ya wazee wa pwani neno kampuni lilikuwa na sauti ya utawala. Kampuni ilikuwa kitu kitolewacho na mfalme, na mfalme hakumpa mshona viatu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata Uingereza kwenyewe kwa muda mrefu. Aliyetaka kampuni yenye nafsi yake alihitaji hati ya mfalme au sheria mahsusi ya Bunge, na vyote viwili vilitaka fedha na vishindo. Mwaka 1720 Bunge lilipiga marufuku watu kujifanya kampuni bila ya idhini hiyo, na marufuku hayo yalidumu hadi mwaka 1825. Wafanyabiashara wa kawaida walibaki katika ushirika wa mkono kwa mkono, ambamo deni la biashara lilikuwa deni la kila mmoja wao, hata senti ya mwisho na hata godoro analolalia.

Mabadiliko yalianza mwaka 1844, wakati William Gladstone alipokuwa mkuu wa Bodi ya Biashara. Sheria ya mwaka huo iliunda ofisi ya Msajili wa Makampuni, na tangu hapo kampuni ikawa yaweza kuzaliwa kwa kuandikishwa tu, bila ya kumpigia mfalme magoti. Lakini mtoto huyo alizaliwa bila ngao, kwani wenye hisa waliendelea kudaiwa madeni yote. Ngao ilikuja mwaka 1855, kwa sharti la wenye hisa wasiopungua 25. Mwaka 1856, kwa juhudi za Robert Lowe, sharti hilo lilipunguzwa likawa watu saba tu wa kutia sahihi waraka wa kuanzishia kampuni. Sheria ya mwaka 1862 ikayakusanya hayo yote mahali pamoja.

Pamoja na ngao hiyo sheria iliweka sharti moja la lugha, ambalo mpenzi wa maneno hana budi kulizingatia. Kila kampuni ya namna hiyo ilitakiwa imalizie jina lake kwa neno “Limited”, yaani yenye mpaka. Herufi hizo tatu, Ltd, leo huonekana kwenye vibao vya maduka na milango ya malori kana kwamba ni cheo, na wako waziongezao kwa fahari hata kabla ya kuandikishwa. Kumbe asili yake si pambo bali ni onyo. Neno hilo liliwekwa mwishoni mwa jina ili anayekopesha ajue kwamba mpaka wa deni lake ni mali ya kampuni, na kwamba nyuma ya mali hiyo hatamkuta mtu wa kumdai.

Sasa turejee Whitechapel. Aron Salomon alianza biashara yake na mtaji mdogo mno, akaikuza polepole kwa miaka zaidi ya thelathini, hata akawa mtengenezaji mkubwa wa viatu na muuzaji wa jumla. Alikuwa na mke, binti na watoto wa kiume watano. Wanne kati ya wanawe walifanya kazi pamoja naye, na kama ilivyo desturi ya vijana waliokwisha kukomaa, walimshikilia baba yao awape fungu katika biashara. Mzee alikuwa na deni dogo na sifa njema. Katika Julai 1892 aliigeuza biashara yake kuwa kampuni: Aron Salomon and Company, Limited.

Sheria ilitaka watu saba, naye akawapata saba bila ya kutoka nje ya nyumba yake: yeye mwenyewe, mkewe, binti yake na wanawe wanne. Kila mmoja alichukua hisa moja ya pauni 1. Neno la Kiingereza lililozaa “kampuni” linatokana na Kilatini, na maana yake ya asili ni watu wanaokula mkate pamoja. Hakuna kampuni iliyowahi kuisadikisha asili hiyo kuliko hii. Kisha kampuni ikainunua biashara ya mzee kwa bei iliyokaribia pauni 39,000, bei ambayo baadaye majaji waliiona kuwa ni ya mwenye mali apendaye sana mali yake. Sehemu ya bei hiyo alilipwa kwa hisa 20,000, zikawa pamoja na ile yake ya kwanza 20,001, ilhali hisa zote zilizotolewa zilikuwa 20,007. Sehemu nyingine alilipwa kwa hati za deni za pauni 10,000 zilizowekewa rehani ya mali yote ya kampuni. Kwa maneno mengine, mzee alikuwa takriban mwenye kampuni peke yake, na papo hapo alikuwa mdai wake wa kwanza mwenye rehani.

Wale aliowiwa nao kabla ya siku hiyo walilipwa wote. Duka lilibaki pale pale, mashine zile zile, na mzee yule yule mlangoni. Jina tu ndilo lililobadilika.

Haukupita mwaka mmoja na nusu kampuni ikaanguka. Biashara ya viatu ilikumbwa na migomo, na taasisi za umma, zilizokuwa wanunuzi wakubwa, zikaanza kugawa kandarasi zao kwa wengi badala ya mmoja. Mzee hakuikimbia. Alizitoa hati zake za deni kwa mtu aitwaye Edmund Broderip, akapata kwake mkopo wa pauni 5,000, na fedha hizo akazitia katika kampuni. Hazikutosha. Riba iliposhindikana kulipwa Broderip alikwenda mahakamani, na mnamo Oktoba 1893 kampuni ikaingia mikononi mwa mfilisi. Baada ya Broderip kulipwa haki yake zilibaki pauni 1,055. Wadai wasio na rehani, yaani wale waliouza bidhaa zao kwa kumwamini, walikuwa wakidai pauni 7,733. Hata hizo 1,055 nazo zilikuwa, kwa mujibu wa hati za deni, haki ya Salomon.

Hapa ndipo swali lilipozuka. Je, kampuni hii ni mtu kweli, au ni Salomon aliyevaa kanzu nyingine? Jaji Vaughan Williams aliona kwamba kampuni haikuwa ila wakala wa mzee, na wakala akiingia deni kwa kazi ya bwana wake, bwana hulipa. Mwaka 1895 Mahakama ya Rufani ilifika mahali pale pale kwa njia nyingine: kwamba kampuni ilishika biashara kwa niaba ya Salomon, kwamba wale sita wengine walikuwa majina tu, na kwamba jambo zima lilikuwa hila ya kuwadhulumu wadai. Sheria, walisema majaji wa rufani, ilikusudia watu saba wenye shughuli kweli, si mmoja na vivuli sita.

Salomon alikata rufani katika Baraza la Malodi, lililokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Mtu aliyekuwa na maghala na wafanyakazi sasa alikubaliwa kufungua kesi yake kwa utaratibu wa mafukara, kwani hakuwa na uwezo wa kulipia gharama zake. Tarehe 16 Novemba 1896 Malodi walitoa hukumu, na kwa kauli moja wakampa haki.

Hoja yao ilikuwa nyepesi na ngumu kwa pamoja. Sheria imetaka watu saba na hisa moja kwa kila mmoja. Haikusema wasiwe wa nyumba moja, wala haikusema hisa zao ziwe na uzito gani. Masharti yakitimizwa na Msajili akaandika, kampuni imezaliwa, na tangu siku hiyo ni mtu mwingine mbele ya sheria, hata kama kazi ni ile ile, mikono ni ile ile, na faida inakwenda mfukoni mwa yule yule. Lodi Halsbury aliishika kauli ya wakala akaiuliza asili yake. Ikiwa kampuni ipo, biashara ni yake, si ya Salomon. Ikiwa haipo, hapana mtu wala kitu cha kuitwa wakala. Haiwezekani ikawapo na isiwepo kwa wakati mmoja. Lodi Macnaghten aliongeza neno kuhusu wadai: wanastahili kuonewa huruma, lakini walikuwa wamekwisha kuarifiwa kwamba hawafanyi tena biashara na yule mtu waliyemzoea.

Hapo ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Wadai wa Whitechapel hawakuwa wajinga. Walikuwa wafanyabiashara waliojenga imani yao kwa miaka mingi juu ya uso wa mtu, neno lake na kawaida yake ya kulipa. Namna hiyo ya kuaminiana ndiyo iliyoendesha biashara ya pwani pia, ambako neno la muungwana lilikuwa hati tosha. Daftari la Msajili halikuuvunja uso ule. Liliuacha mlangoni kama ulivyokuwa, likamwondoa mdaiwa nyuma yake. Mzee naye hakuwa mwizi. Alikuwa ametumia mlango uliofunguliwa na sheria, na mali yake iliyeyuka pamoja na ya wengine. Malodi walichagua baina ya aina mbili za wanyonge: muuzaji aliyeamini uso, na mwenye karakana ndogo anayetaka kuthubutu bila ya kuweka rehani kitanda cha watoto wake. Laiti wangechagua vinginevyo, kampuni ingebaki kuwa ngao ya matajiri wenye wanahisa wengi, na fundi asingalikuwa na fungu ndani yake.

Hata hivyo hukumu iliacha jeraha, na Bunge lililiona. Kwa sheria ya wakati huo, kampuni iliandika rehani zake katika kitabu chake yenyewe, ofisini mwake, na si katika daftari la Msajili. Mtu wa nje angeweza kuona majina ya wenye hisa, lakini asione kwamba mali yote ya kampuni ilikwisha kufungwa. Mwaka 1897 sheria iliwatanguliza wafanyakazi wanaodai ujira wao mbele ya wenye rehani za namna ile. Mwaka 1900 ikaamriwa kwamba rehani zisajiliwe hadharani. Na mwaka 1907 Bunge liliitambua rasmi kampuni binafsi, iliyohitaji watu wawili tu.

Ikaja pia njia nyepesi zaidi, ambayo mara nyingi huchanganywa na hii. Mwaka 1916, katikati ya vita na Ujerumani, Uingereza ilitunga sheria ya kuandikisha majina ya biashara, ili ijulikane ni nani hasa afanyaye biashara kwa jina lisilo lake. Kenya na Tanganyika nazo zilipata sheria za namna hiyo. Lakini jina la biashara halizai mtu. Fundi cherehani aliyesajili jina zuri la duka lake amesajili kibao; deni la duka ni deni lake, kama lilivyokuwa jana. Wengi wamelipia cheti hicho wakidhani wamenunua ngao.

Sheria hizi zilifika pwani kwa mawimbi. Kwanza zilitumika sheria za Bara Hindi, ambazo zilikuwa zimenakiliwa kutoka za Kiingereza. Tanganyika ikawa na sheria yake ya makampuni mwaka 1932. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 makampuni makubwa yalitaifishwa, na neno shirika, lililokuwa la watu wawili na biashara yao, likapanuka hata likaitwa shirika la umma. Kisha upepo ukageuka tena. Mwaka 1999 ulianza Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, kwa upande wa Bara. Sheria mpya ya makampuni ilitungwa Tanzania Bara mwaka 2002 na kuanza kutumika mwaka 2006. Zanzibar ikatunga yake mwaka 2013, na Kenya mwaka 2015. Ile ya Kenya inamruhusu mtu mmoja kuunda kampuni peke yake. Kivuli walichokilaumu majaji wa rufani mwaka 1895 kimekuwa haki iliyoandikwa: hapana haja tena ya kuwakusanya mke na watoto watie sahihi.

Mahakama za Afrika Mashariki huitaja kesi ya Salomon mara kwa mara, na kila inapotajwa hufuatiwa na swali la mipaka yake. Pazia la kampuni laweza kufunuliwa pale linapotumika kuficha hila, kama ilivyoamuliwa Uingereza mwaka 1933 katika kesi ya Gilford Motor dhidi ya Horne, ambamo mtu aliyejifunga kwa mkataba asiwashawishi wateja wa mwajiri wake wa zamani alijaribu kuwashawishi kwa jina la kampuni. Na mwaka 2020 Kenya na Tanzania Bara zote mbili ziliweka masharti kwamba kampuni imtaje mtu wa kweli anayeimiliki au kuitawala mwishoni mwa minyororo yote ya majina. Baada ya safari ya miaka mingi, Msajili amerudi kuuliza lile swali la wadai wa Whitechapel: ni nani yuko nyuma ya jina hili?

Swali hilo lina jibu pale tu panapokuwa na mtu wa kulisoma. Mwenye duka la mbao anayeombwa mzigo kwa mkopo na seremala wanayefahamiana tangu utotoni hana budi kujua kama anamkopesha seremala au anamkopesha mtu mwingine, asiye na uso, aliyezaliwa katika ofisi ya Msajili. Naye seremala, akitaka kubaki muungwana, atamwambia kabla hajaulizwa. Sheria ya Kiingereza ya mwaka 1862 ilimruhusu kila mtu kuzifunua hati za Msajili kwa ada isiyozidi shilingi moja. Shilingi hiyo isingewaonyesha wadai wa mzee Salomon rehani zake, maana hazikuwa humo. Ingewaonyesha jina la kampuni na neno lake la mwisho.